Magoti yakilalamika, usikimbilie kushusha kiti cha baiskeli

"Fundi, nishushie kiti kidogo, magoti haya si yale ya zamani." Ukikaa kijiweni kwa mafundi baiskeli utalisikia ombi hili kutoka kwa karibu kila aliyevuka miaka hamsini. Fundi anachukua spana namba 13 au 14, analegeza nati, anakididimiza kiti, anakaza. Mteja anaondoka ameridhika kwa sababu sasa akikaa nyayo zake zinakanyaga chini. Wiki mbili tatu baadaye goti linauma kuliko mwanzo, na lawama zinaangukia baiskeli au uzee.

Tatizo ni kwamba kilichobadilika mwilini hakikuwa urefu wa mguu. Mtu hupungua kimo kadiri umri unavyokwenda, kwa wengi kama sentimita 1 kila miaka kumi baada ya arobaini, lakini upungufu huo uko mgongoni. Gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunywea, na mgongo wa juu huanza kuinama. Mfupa wa paja na wa muundi hubaki na urefu wake uleule. Shingo nayo inakuwa nzito kuinuka, nyonga hazikunjiki kama zamani, na misuli ya nyuma ya paja inakaza. Kwa hiyo umbali wa kiti hadi pedeli unabaki karibu vilevile. Umbali uliokuwa mrefu mno ni ule wa kiti hadi usukani. Mzee ananyoosha mikono, anaelemea viganja, anakunja shingo ili aone mbele, anachoka haraka, halafu anakishusha kiti ambacho hakikuwa na kosa.

Anza kwa kupima kiti kilipo kabla ya kukigusa. Vaa viatu unavyoendeshea kila siku. Hili si jambo dogo: kandambili zilizolika zina unene wa sentimita 1 tu, buti la kazi linaweza kufika 3, na anayebadilisha viatu anabadilisha urefu wa kiti bila kujua. Egemea ukuta, kaa sawasawa, kisha weka kisigino juu ya pedeli iliyoshuka hadi mkono wake, yaani chuma kinachoibeba pedeli, ufuatane na bomba la kiti. Hapo mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kulala upande mmoja. Ukirudisha unyayo mahali pake, yaani mzizi wa dole gumba juu ya ekseli ya pedeli, goti litabaki limejikunja nyuzi 25 hadi 35. Kwa mtu mzima mwenye misuli iliyokaza ni afadhali kuelekea 35.

Anayependa hesabu asimame peku, mgongo ukutani, abane kitabu kigumu msambani kwa nguvu kama vile amekalia kiti, apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Kipimo hicho kizidishwe kwa 0.883. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6, ambao ni urefu kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi juu ya kiti. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu wa mashindano. Anayekwenda sokoni na shambani atoe sentimita 1 hadi 1.5, kisha ahakikishe kwa kisigino. Hesabu na kisigino vikigombana, fuata kisigino.

Kiti kikiwa chini mno, goti linasukuma likiwa limekunjwa sana, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja kila mzunguko. Maumivu yake yanakuja mbele ya goti, hasa kwenye kilima au siku ya mzigo. Kiti kikiwa juu mno, maumivu yanahamia nyuma ya goti, na anayekutazama kwa nyuma ataona nyonga zikiyumba kulia na kushoto kufuata pedeli. Maumivu ya pembeni mwa goti ni habari nyingine: mara nyingi unyayo umelazimishwa kuelekea upande usiotaka. Acha vidole vielekee vinakopenda. Mtu mwenye miguu ya kutazama nje hawezi kunyooshwa na pedeli akiwa na miaka sitini.

Wapo wanaohitaji kweli kushushiwa, wale ambao misuli ya nyuma ya paja imekaza hadi nyonga zinayumba kwenye kiti ambacho miaka kumi iliyopita kiliwafaa. Hao washushiwe milimita 5, waendeshe siku kadhaa, kisha 5 nyingine kama bado, na ni nadra kupita 15 kwa jumla. Chora alama kwa wino au zungushia kipande cha mkanda kwenye bomba kabla ya kulegeza, ili kurudi ulikotoka kusiwe kubahatisha. Kumbuka pia kwamba bomba la kiti limelala. Kwenye baiskeli za mzigo kama Phoenix na Hero, ambazo fremu zake zimelala sana, kushusha sentimita 2 kunakusogeza mbele karibu milimita 8. Wengine hupata nafuu ya mgongo kwa kushusha kiti na kudhani urefu ndio uliowaponya, kumbe wamesogezwa karibu na usukani. Nafuu hiyohiyo wangeipata bila kuliumiza goti.

Kisha kuna fremu ya inchi 24, ambayo kwa mtu mfupi haina pa kushukia. Kiti kimeshakalia fremu na bado kiko juu. Msumeno hautasaidia hapo. Badilisha kwanza kiti chenyewe: vile vya springi ndefu vinakula sentimita kadhaa, na kiti chembamba kisicho na springi kinazirudisha zote. Kama bado, tafuta fremu ya inchi 22.

Sasa usukani, ambako kazi kubwa ya mwili mzee inafanyika. Uletwe juu na karibu, hadi ulingane na kiti au ukizidi kwa sentimita 3 hadi 5, viwiko vikiwa na mkunjo mdogo na mabega yakiwa yameshuka. Kwenye baiskeli ya kizamani shingo ya usukani imezama ndani ya bomba la mbele na inashikwa na kabari, ambayo inavutwa na bolti ndefu inayoonekana kwa juu. Wanaokosea hapa ni wengi, hata mafundi, kwa hiyo twende polepole.

Legeza bolti hiyo ya juu mizunguko mitatu au minne tu, usiitoe yote. Usukani hautatikisika, maana kabari bado imebana. Weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha bolti na ukigonge kwa nyundo pigo moja la uhakika, bolti izame na kabari iachie. Ukigonga bila mbao utaharibu kichwa cha bolti. Kama baiskeli ilikaa miaka bila kuguswa, kutu imeunganisha shingo na bomba. Tia mafuta mepesi, iache ilale hadi kesho, kisha bana gurudumu la mbele kwa magoti na uzungushe usukani kidogo kidogo huku na huku. Ikitoka, isafishe, ipake grisi, uirudishe juu kwa kiasi unachotaka. Ukiipandisha sentimita 3 inakurudia pia kama sentimita 1, kwa kuwa bomba la mbele nalo limelala.

Mpaka wake hauna mjadala. Shingo nyingi zina mstari unaoonyesha isipande kupita hapo, na mstari huo usionekane nje. Kama umefutika, hakikisha angalau sentimita 6.5 zimebaki ndani. Ikivunjika, inavunjika ukiwa kwenye mwendo, na mikono yako ikiwa imeushika usukani. Sheria ni hiyohiyo kwa bomba la kiti linalozama ndani ya fremu.

Wenye breki za vyuma wana hatua moja zaidi. Mkono wa breki unavuta vyuma kwenda juu, kwa hiyo ukiupandisha usukani bila kulegeza viungio vyake utakuwa umezikaza breki zote mbili na magurudumu hayatazunguka. Legeza kwanza nati inayobana chuma cha mbele kinachoshuka kwenye uma, na ile ya kiungio cha chuma cha nyuma. Pandisha usukani, ukaze, ndipo urekebishe urefu wa vyuma hadi raba za breki zikaribie rimu bila kuigusa. Mwishowe simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, na jaribu kuzungusha usukani kwa nguvu za kawaida. Ukizunguka peke yake, kabari haijashika.

Baiskeli za mtumba za milimani ndizo zinazowatesa wazee zaidi. Usukani wake ni fimbo iliyonyooka, uko mbali na uko chini. Nyingi za zamani zinashika usukani wenye kipenyo cha milimita 25.4 pale katikati, na sehemu ya kushikia ni 22.2, kwa hiyo usukani uliopinda kurudi nyuma unaingia, na mikono ya breki na gia inahamia bila shida. Kitakachopungua ni waya: ukiinua na kurudisha usukani, waya za zamani na maganda yake huwa fupi. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Waya ikivutika, nunua ndefu. Zile mpya zaidi zina 31.8 katikati, na hapo pima kabla ya kutoa pesa. Kama shingo ni ya kubana kwa nje na imefungwa ikielekea chini, igeuze juu chini. Kuigeuza kunaleta sentimita mbili tatu bila gharama yoyote.

Usivuke mpaka, hata hivyo. Mtu akikaa wima kabisa kama yuko kwenye kiti cha ofisini, kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja hadi shingoni. Kuinama kidogo kunaiacha mikono ibebe sehemu ndogo ya uzito na kuupa mgongo nafasi ya kujipinda. Kwa mwenye matatizo ya kiuno na barabara ya vumbi yenye mawimbi, ni afadhali usukani uwe sawa na kiti, tairi pana, na upepo upunguzwe kidogo, kuliko kumkalisha wima juu ya tairi zilizojazwa hadi ziwe ngumu kama jiwe. Upepo usipungue hadi rimu igonge chini kwenye shimo, basi.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho na jirani yake ni mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja, unabanwa na uzito. Kabla ya kununua glavu, tazama pua ya kiti. Ikiwa imeinama mbele, mwili unateleza na mikono inafanya kazi ya kuuzuia usiku na mchana. Weka ubao juu ya kiti na pimamaji juu ya ubao. Kiti kiwe bapa, au pua ishuke nyuzi 1 hadi 3, si zaidi. Kwa vidole vyenye baridi yabisi, raba za usukani zinenepeshwe kidogo, na mkono wa breki usogezwe karibu. Kwenye breki nyingi za waya kuna skrubu ndogo ya kazi hiyo. Na anayevaa miwani atazame kama anachungulia juu ya fremu yake anapoangalia barabara. Akifanya hivyo, usukani uko chini mno kwa shingo yake.

Ukiinua usukani, uzito unahamia matakoni, na kiti kilichofaa zamani kinaanza kuuma. Hapa watu hukimbilia kiti laini kuliko vyote dukani, nacho kwa dakika kumi ni kizuri kweli. Baadaye mifupa ya kukalia inazama, na sponji inapanda katikati kubana sehemu laini zenye mishipa ya damu na fahamu. Chukua boksi gumu la karatasi, liweke kwenye benchi, likalie dakika moja ukiinama kama uko kwenye baiskeli, kisha pima katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine. Kiti kiwe kipana kuzidi kipimo hicho kwa angalau sentimita 2, na zaidi kwa anayekaa wima. Wanawake wengi wanahitaji kipana kuliko waume zao na chenye pua fupi, ndiyo maana baiskeli moja ya nyumba nzima hugeuka ugomvi. Kiti chenye mfereji katikati huwasaidia wanaopata ganzi msambani. Na mwanamume anayekwenda kupimwa damu kwa ajili ya tezi dume aache kuendesha kwa saa 48 kabla ya kipimo, kwa sababu baiskeli inaweza kupandisha majibu.

Kitambi kinastahili kutajwa bila aibu. Mguu unapofika juu, paja linagonga tumbo, goti linakimbilia nje, na kwa mizunguko maelfu linaanza kuuma upande wa nje. Kuinua usukani kunasaidia, lakini dawa yake hasa ni mikono mifupi ya pedeli, kitu ambacho kwetu hakizungumzwi kabisa. Baiskeli nyingi zina mikono ya milimita 165 hadi 170. Za watoto mara nyingi zina 152. Ukifupisha mkono kwa milimita 10, unapandisha kiti milimita 10 ili mguu ufike chini vilevile, na goti linapanda milimita 20 chini ya pale lilipokuwa likifika. Hiyo ni nafuu kubwa kwa nyonga iliyokaza, kwa goti lenye gegedu iliyolika, na kwa aliyewekewa goti bandia. Kuzungusha pedeli za kawaida kunahitaji goti likunjike karibu nyuzi 110, na mgonjwa ambaye bado hajafika huko atakwama juu kila mzunguko. Huyo ruhusa ya kuanza aipate kwa daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, fundi asimwamulie.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwenye baiskeli za kizamani mkono unashikwa na kotapini, pini ya chuma inayokazwa kwa nati: legeza nati hadi ilingane na mwisho wa pini, shikilia mkono kwa chini na kitu kizito, ndipo ugonge. Ukigonga bila kuegemeza, pini inapinda na gololi za katikati zinachimba vikombe vyake. Weka pini mpya. Ile ya zamani ikirudi italegea. Kuhusu pedeli, ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kufuata mshale wa saa. Mikono mingi ya pedeli imeharibiwa na mtu mwenye nguvu aliyesahau hilo.

Mkono mfupi una gharama yake, unapunguza nguvu ya kusukuma. Kutoka 170 hadi 152 umepoteza karibu sehemu moja ya kumi. Friwili ya meno 20 badala ya 18 inairudisha, na kwa mzee hata bila kugusa mikono ningependekeza friwili kubwa zaidi kabla ya marekebisho mengine yoyote ya gharama. Gia ya mbele yenye meno 44 na friwili ya 22 inamaanisha gurudumu linazunguka mara 2 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa 48 na 18 ni mara 2.67, mzigo wa kijana. Utakwenda polepole kwenye tambarare lakini goti litasukuma kwa wepesi na mara nyingi, badala ya kukandamiza kwa nguvu na mara chache. Angalia cheni kama inatosha. Friwili ikiongezeka meno manne huenda ukahitaji kuongeza kipande.

Inabaki hofu iliyomfanya mteja aombe kiti kishushwe: kufikia chini. Kwa kiti chenye urefu sahihi, ukiwa umekaa utagusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Unapaswa kusimama kwa kushuka mbele ya kiti, mguu mmoja juu ya pedeli iliyo chini na mwingine ukikanyaga. Nusu saa ya mazoezi uwanjani inatosha, na anayeona bado haamini miguu yake aachane na fremu yenye bomba la juu. Wanaume hapa huanza kucheka, eti hiyo ni baiskeli ya kike. Wacheke, lakini wakumbuke kwamba wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, mguu ukiwa umenasa kwenye mzigo wa keria, na kuvunjika nyonga kwa mzee si jambo la mchezo. Kuendesha baiskeli peke yake hakujengi mifupa kama kutembea kunavyojenga, kwa hiyo mwendesha baiskeli hodari anaweza kuwa na mifupa myepesi.

Ukienda kununua fremu ya wazi ya mtumba, pitisha kidole chini ya kiungio cha bomba la chini na bomba la kiti ukitafuta ufa kwenye rangi. Fremu hizi hazina bomba la juu la kuzisaidia, na aliyekutangulia huenda alibebea magunia. Shika kiti kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, uvikamue kinyume. Kunyumbuka kidogo ni kawaida yake, ila ukisikia mlio, iache hapohapo. Kisha lete bomba la kiti la zamani la mwenyewe, lile linalozama ndani ya fremu, au kipimo chake, kwa maana 25.4 haliingii kwenye 25.0, na lililo dogo kwa milimita moja linashuka lenyewe njiani hata nati ikazwe vipi.